Juya, Mumi na Walawi 11: Tafakuri za Kila Siku za Ufuo wa Ziwa Victoria na Deni Lake kwa Mapokeo ya Kiyahudi

Katika maandishi ya teolojia ya Kiafrika kuna dai ambalo limerudiwa mno hata likachukuliwa kuwa halina mpinzani: kwamba msomaji wa Kiafrika yuko karibu na Agano la Kale kwa sababu desturi zake zinafanana na za Israeli ya kale. Sadaka, ukoo, mahari, heshima kwa wazee, vyakula vya mwiko. Haya yote, inasemwa, humfanya asome Mwanzo na Walawi kama mtu anayesoma habari za kwao. Kwesi Dickson wa Ghana alilijadili dai hili kwa uangalifu katika kitabu chake cha 1984 kuhusu teolojia barani Afrika, lakini wengi waliomfuata waliuacha uangalifu wake wakabaki na dai lenyewe. Ninalipinga hapa kwa ushahidi wa eneo moja, Kisumu na ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria, na ninalipinga kwa sababu ya madhara yake katika jambo linaloonekana dogo, yaani kurasa za tafakuri ambazo Wakristo wa eneo hili husoma kila alfajiri. Mtu akishaamini kwamba Torati ni mali ya kwao tangu jadi, haoni sababu ya kumuuliza Myahudi huisomaje. Ninadai kwamba swali hilo halikwepeki, na kwamba tafakuri za kila siku zitabaki nyepesi hadi waandishi wake watakapoliuliza.

Historia ya ufuo wenyewe inalikataa dai la mfanano. Ni kweli kwamba Waluo walikuwa na desturi ya kurithi mjane inayokumbusha Kumbukumbu la Torati 25, na David Barrett, aliyefanya kazi Nyanza, alionyesha katika kitabu chake cha 1968 jinsi Maandiko katika lugha za wenyeji yalivyowapa Wakristo wa Afrika kipimo cha kuwapimia wamisionari. Agano Jipya la Kiluo lilitoka 1926 na Biblia nzima 1953. Lakini tazama kilichotokea wasomaji walipoitwaa Torati kwa dhati. Johana Owalo, mwanzilishi wa Kanisa la Nomiya katika miaka ya 1910, aliwatahiri wafuasi wake. Waluo hawakuwa watu wa tohara; alama yao ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno ya mbele ya chini. Owalo, ambaye pia alikuwa amechota katika Uislamu, aliishika ishara ya Ibrahimu kinyume kabisa cha desturi ya watu wake. Waadventista waliofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, Mkanada Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, walileta Sabato na sheria ya vyakula ambazo hazikuwa na mzizi wowote katika maisha ya wavuvi wa hapo. Ng'ambo ya ziwa, ukoo wa Mmamba wa Buganda haumli kamongo kwa kuwa ndiye mnyama wa ukoo wao. Katazo lao ukilitazama kwa nje linafanana na la Mwadventista wa Homa Bay, lakini mmoja anamwacha samaki kama mtu wa nyumbani mwake, mwingine anamwacha kwa sababu ya amri. Basi mfanano haukumleta mtu yeyote wa ufuo huu kwenye Torati. Kilichowaleta ni kusoma, na kusoma kunaweza kufanywa vizuri au vibaya.

Tafakuri ya kila siku ni aina moja ya usomaji, na ina historia yake. Wamoravian wa Herrnhut wamechapisha neno la siku tangu 1731: aya ya Agano la Kale hupatikana kwa kura, kisha huchaguliwa aya ya Agano Jipya ya kuijibu. Scripture Union ilianza kutoa kadi za usomaji wa kila siku mwaka 1879. Mwaka 1956 kilianza huko Marekani kijitabu ambacho leo wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Mkate Wetu wa Kila Siku, na nyumba za Waadventista za Nyanza hufungua siku kwa Kesha la Asubuhi. Muundo umezoeleka: aya moja, kisa kifupi, funzo, sala. Sidharau muundo huu. Umewafundisha watu wasio na mchungaji wa karibu kwamba Neno ni la kila siku na si la siku ya ibada tu, nao umewafaa wagonjwa, wafungwa na wasafiri. Lakini una gharama mbili. Kwanza, aya iliyong'olewa mahali pake hujibu swali la msomaji kabla haijauliza lake yenyewe. Pili, vitabu visivyotoa aya tamu kwa urahisi huachwa. Walawi hutembelewa kwa ajili ya amri ya kumpenda jirani, 19:18, kisha mlango unafungwa. Nayo sura ya 11, inayowataja samaki, ingepaswa kuwa sura inayosomwa kuliko zote katika mji ambao uchumi wake umekaa juu ya samaki.

Mfano ninaoutegemea zaidi ni ule wa juya katika Mathayo 13:47–50. Yesu anaufananisha ufalme wa mbinguni na juya linalotupwa majini na kukusanya samaki wa kila aina. Likijaa, wavuvi hulivuta pwani, huketi, huweka walio wema vyomboni na kuwatupa walio wabaya. Ndivyo malaika watakavyofanya mwisho wa dunia. Tafakuri ya kawaida juu ya aya hizi huishia kwenye swali moja: je, wewe ni samaki mwema? Kwa msomaji wa Dunga au Usenge, fuo za uvuvi za ziwa hili, swali hilo lina tatizo ambalo mhariri wa mbali hawezi kulihisi. Samaki huwaje mbaya? Aliyetoka majini sasa hivi hajaoza. Mdogo mno ni mdogo tu, naye huko Nyanza ana mnunuzi wake. Wavuvi wa mfano huu wanatenganisha nini na nini?

Ukiusoma mfano huu pamoja na Walawi 11:9–12 na Kumbukumbu la Torati 14:9–10, jibu linajitokeza bila kulazimishwa. Wavuvi wa Galilaya walikuwa Wayahudi, wakiwauzia Wayahudi, na sheria yao iliwaruhusu samaki wenye mapezi na magamba peke yao. Juya halichagui, kuchagua hufanyika ufuoni, kwa mikono, watu wakiwa wameketi. Mendel Nun, mvuvi na mtafiti wa Ein Gev aliyeandika mwaka 1989 juu ya ziwa hilo na wavuvi wa Agano Jipya, aliusoma mfano hivyo, na kati ya samaki wa kutupwa alimwona kambare. Hapa ndipo ufuo wa Kenya unapoingia katika ufafanuzi wa Injili kwa namna ambayo sijaona ikitumiwa ipasavyo. Kambare wa Galilaya ni wa spishi ileile, Clarias gariepinus, ambaye Waluo humwita mumi. Ngege wetu, tilapia wa ziwa hili, naye ana jamaa zake wa karibu huko, wenye magamba, wanaoliwa hadi leo kwa jina la Mtume Petro. Hata watu wa kale waliliona jambo hili: Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema kwamba chemchemi ya Kapernaumu ilikuwa na samaki anayefanana na yule wa ziwa lililo karibu na Aleksandria, na kwamba kwa ajili hiyo baadhi ya watu waliidhani kuwa mshipa wa Nile. Walikosea kuhusu chemchemi, lakini kuhusu samaki hawakuwa mbali na ukweli. Nile hutoka katika ziwa letu, na kambare wa Kisumu na wa Kapernaumu ni samaki mmoja.

Kwa hiyo mwanamke anayenunua samaki ufuoni Homa Bay, akimkuta mumi na ngege katika mashua moja, yuko karibu na fungu lile la samaki katika Mathayo 13 kuliko wafafanuzi wengi waliolieleza. Lakini ukaribu huo haumfai kitu asipojua sheria iliyowatenga samaki wale, na hapa ndipo dai la mfanano linapoanguka kabisa. Desturi ya ufuo inamwambia kwamba mumi ni chakula kizuri. Torati peke yake ndiyo inayomwonyesha kwa nini mvuvi wa Galilaya alimtupa. Akishalijua hilo, maana ya mfano inageuka. Mumi hana kosa. Mwanzo 1 inahesabu viumbe vya majini kuwa vyema, na Walawi 11 haisemi kwamba samaki hao ni waovu. Inasema kwamba kwa Israeli ni machukizo. Utengano unatokana na wito wa watu fulani kwa utakatifu, jambo ambalo sura inalitamka wazi mwishoni, katika aya ya 44 na 45. Mfano basi unazungumzia juya linaloruhusiwa kukusanya kila aina, na uchaguzi usio wa juya wala wa samaki, unaongojea mikono mingine na saa nyingine. Kanisa linalojisomea hivyo halina haraka ya kuwatupa watu. Sioni jinsi funzo hili lingepatikana kwa kuuliza kama mimi ni samaki mwema.

Kuna wanaoshikilia kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa “wabaya” katika mfano huo hutumika pia kwa kitu kilichooza au kisichofaa, na kwamba Mathayo huenda alikuwa na maana ya samaki wasiouzika tu. Pingamizi hili lina uzito wa kisarufi, lakini halina uzito wa uvuvi. Injili hiyohiyo inalitumia neno hilo kwa mti mbaya, ambao si mti uliooza, na katika soko la Kiyahudi la karne ya kwanza samaki asiye na magamba alikuwa ndiye hasa asiyeuzika.

Mapokeo ya Kiyahudi yanatoa zaidi ya sheria yenyewe. Yanatoa namna ya kukaa nayo. Katika sinagogi Torati husomwa kwa mfululizo, sehemu 54 kwa mwaka, na siku inapomalizika Kumbukumbu la Torati husomwa mwanzo wa Mwanzo. Hakuna sura inayorukwa. Walawi 11 inafika kila mwaka, msomaji apende asipende. Mwaka 1923 Rabi Meir Shapiro alipendekeza mjini Vienna kwamba Wayahudi popote walipo wasome kila siku ukurasa uleule wa Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi; kurasa ni 2,711, mzunguko mmoja huchukua miaka saba na nusu hivi, na mzunguko ulioanza Januari 2020 ulikuwa wa 14. Hiyo nayo ni ibada ya kila siku, lakini ukurasa wenyewe umejaa mabishano, na desturi ni kuusoma wawili wawili, kila mmoja akimpinga mwenzake. Msomaji hapewi funzo. Anapewa swali na majibu ya watu waliotofautiana.

Ona jinsi hili linavyohusu ufuo. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa yapata mwaka 200, inafundisha kwamba mwenye magamba lazima ana mapezi, ilhali wako wenye mapezi wasio na magamba. Mumi ni mfano kamili wa aina hii ya pili. Kamongo ni mgumu zaidi, kwa kuwa ana magamba, ila yamezama ndani ya ngozi. Mwadventista anayejiuliza kama kamongo ameruhusiwa hatapata jibu katika aya peke yake. Nachmanides, mwalimu wa Girona wa karne ya 13, alieleza kwamba magamba yanayotajwa ni yale yanayobanduka kwa mkono au kisu pasipo kuichana ngozi. Kwa kipimo chake kamongo yuko nje. Talmudi inajadili pia samaki ambaye magamba yake hayajaota bado, au ambaye huyapoteza anapotolewa majini, na inamruhusu, mjadala ambao mla omena, dagaa wa ziwa hili, ana kila sababu ya kuufuata. Tena, wahubiri wengi wa Nyanza hueleza sheria hii kwa afya: samaki wasio safi hula uchafu wa chini ya maji. Maimonides, aliyekuwa tabibu, alikuwa na maoni ya namna hiyo. Isaac Abarbanel, karne tatu baadaye, aliyakataa kwa ukali, akisema kwamba Torati haikutolewa iwe kitabu cha utabibu. Ninaona Abarbanel ana haki, kwa sababu sura yenyewe inataja utakatifu na haitaji maradhi. Lakini jambo kubwa ni kwamba mjadala ambao Waadventista wa Gendia wangeweza kudhani ni wao peke yao ulikuwa umefanywa, kwa kina na kwa heshima, kabla wamisionari hawajalifikia ziwa hili.

Mfano wa kile kinachowezekana uko karibu, Mbale, mashariki mwa Uganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Baganda, alisoma Biblia ya Kiganda na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Alianza kama Owalo alivyoanza, kwa kulichukua andiko kama lilivyo. Tofauti ni kwamba jumuiya yake, Abayudaya, ilikutana na Wayahudi waliokuja kuifundisha sala, kalenda na namna ya kusoma, ikavumilia marufuku ya Idi Amin, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alitawazwa kuwa rabi. Siwaletei Wakristo wa Kisumu mfano huu ili wawe Wayahudi. Ninauleta kwa sababu unaonyesha kwamba andiko na wenye mapokeo yake ni vitu viwili, na kwamba kukutana na wa pili hubadili usomaji wa la kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la kiteolojia. Marko 7:19 inaeleza kwamba Yesu alivitakasa vyakula vyote, Petro aliona nguo ikishuka na wanyama wa kila aina katika Matendo 10, na mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15 haukuwatwika Mataifa mzigo wa Torati. Kwa nini basi Mwanglikana wa Maseno apoteze alfajiri yake kwa magamba ya samaki? Jibu liko ndani ya aya hizohizo. Mshtuko wa Petro hauna maana kwa asiyejua alichokuwa akiombwa aache, na Petro mwenyewe, katika 10:28, anafasiri maono kuwa ni juu ya watu na si juu ya chakula. Hata msomaji anayekula mumi bila wasiwasi anahitaji Walawi 11 ili aielewe Injili yake. Kama Mkristo anafungwa na sheria hiyo au la ni suala ambalo Waadventista na wengine watazidi kutofautiana, na hoja yangu haitegemei upande wowote.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, nalo lina haki kiasi. Katika makanisa mengi ya Kenya upendo kwa Israeli umekuwa ni bendera madhabahuni, baragumu la pembe ya kondoo na ahadi ya baraka kwa anayeiunga mkono dola ya leo. Huko Myahudi ni ishara. Hakuna anayemsikiliza anaposema. Mapokeo ninayoyazungumzia ni ya watu kama Rashi wa Troyes, aliyefariki 1105, na walimu wa Mishna waliofundisha chini ya utawala wa Roma. Kuwasoma hakumdai mtu msimamo wowote juu ya mipaka ya nchi. Kunamdai tu aache kumtumia Myahudi kama mfano mbaya wa siku. E. P. Sanders alikwisha kubomoa mwaka 1977 picha ya dini ya Kiyahudi kama biashara ya kujihesabia haki, na Amy-Jill Levine, Myahudi anayefundisha Agano Jipya, ameonyesha jinsi picha hiyo inavyoendelea kuishi mimbarani. Katika vijitabu vya tafakuri ingali hai: Mfarisayo ndiye mnafiki wa kila mwezi, na msomaji anafunga ukurasa akimshukuru Mungu kwamba yeye si kama yule. Anayekumbuka Luka 18 ataona ubaya wa sala hiyo.

Kuhusu muda, wanaosema kwamba mvuvi wa omena anayerudi alfajiri na taa zake, au mama anayemsubiri ufuoni na beseni, hana nafasi ya marabi, wanaudharau uwezo wa watu hao. Urefu si tatizo. Shema, ungamo ambalo Wayahudi hulisoma asubuhi na jioni, si ndefu. Na usomaji wa mfululizo si mgeni kwa makanisa ya Nyanza: Kitabu cha Sala cha Waanglikana kimezigawa Zaburi zote katika siku 30, asubuhi na jioni, na utangulizi wake wa 1549 ulilalamika kwamba vitabu vya Biblia vilikuwa vikianzwa tu bila kumalizwa. Wakatoliki nao wana mzunguko wa masomo, na tangu tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la Oktoba 1965 Kanisa lao linaitambua asili yake katika Israeli. Mwaka 2001 Tume ya Kipapa ya Biblia ilikiri kwamba usomaji wa Kiyahudi wa Maandiko ni usomaji unaowezekana, ambao Wakristo wanaweza kujifunza mengi kwake. Mlango uko wazi katika kila dhehebu la ufuo huu. Kilichokosekana ni wahariri wa kuupitia.

Kwa wahariri hao, walioko Kendu Bay ambako Waadventista wamekuwa wakichapa tangu 1913, na wenzao wa Maseno, Kisumu na Nairobi, ombi langu ni la mwaka mmoja wa majaribio. Sehemu 54 za Torati zifuatwe kwa mpangilio wake, Walawi ikiwemo. Kila wiki iwe na swali moja la walimu wa Kiyahudi, likitajwa kwa jina la mwalimu, pamoja na somo la Injili linalolihitaji. Na wasomaji wahimizwe kulijadili wawili wawili, kwa Kiswahili au Kiluo, kabla ya kusoma jibu. Na neno Mfarisayo likome kutumiwa kama tusi kuanzia toleo lijalo.